Saini peke yake haithibitishi fimbo ya besiboli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu wanaonunua kumbukumbu za besiboli ya Marekani mtandaoni, manake naona mtu akishakuta fimbo ina saini na cheti basi roho inatulia, anaamini mchezaji aliipigia kweli mchezoni, anatoa dola zake. Jamani, saini inawekwa hata kwenye fimbo mpya ambayo haijawahi kugusa mpira! Miaka ya 1990 saini za kufoji zilizagaa mpaka FBI (wapelelezi wa serikali ya Marekani) wakaingia na Operation Bullpen, msako wa kuwakamata wafoji, na 2001 MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ikaanza kubandika stika za hologramu, yani kuna mtu yuko palepale uwanjani anashuhudia kitu kikitoka mchezoni. Hapo sina neno. Ila fimbo za zamani hazina shahidi, inabidi uzisome zenyewe.

Ishike mpini ukiwa kwako, nembo ya kiwanda iangalie juu. Wapigaji wengi hushika hivohivo, kwa hiyo anayepiga kwa mkono wa kulia alama za mpira zinarundikana upande wa kushoto wa fimbo, wa mkono wa kushoto ni kinyume chake. Sasa unauziwa fimbo ya mchezaji Derek Jeter, aliyepiga kwa mkono wa kulia, afu alama zote ziko upande wa kulia, hapo si ujiulize? Mchezaji Mickey Mantle yeye alipiga kwa kulia na kwa kushoto kwahiyo ukikuta alama pande zote mbili usishtuke. Angalia pia kifundo cha mwisho wa mpini, wengi waliandika namba ya jezi pale kwa maka peni ili waione haraka fimbo zikiwa zimepangwa, na rangi iliyochubuka kutoka kwenye rafu ya fimbo nayo inasema kitu.

Afu kuna tabia za mtu mwenyewe. Mchezaji George Brett hakuvaa glovu za kupigia, fimbo aliipaka lami ya msonobari ili isiteleze mkononi, mpaka Julai 24, 1983 waamuzi wakamfutia homurani (pigo linalompa mpigaji mzunguko mzima) kwa kuwa lami imepita inchi 18 za kanuni toka mwisho wa mpini (ligi ikairudisha baadae, ila sura aliyotoka nayo pale kila mtu anaikumbuka). Ukiletewa fimbo yake mpini mweupe peee, uliza maswali.

Lakini tabia nayo inaigwa. Mchezaji wa zamani Babe Ruth kuna fimbo alichonga vialama 21 kuzunguka nembo, kila kimoja homurani, iko makumbusho ya kiwanda cha fimbo cha Louisville Slugger, sasa mwenye kisu nani atashindwa kuchonga? Ndo maana mi nasema alama zikubaliane na daftari za kiwanda, modeli, urefu, uzito, iliagizwa lini. Jeter alitumia modeli ya P72 miaka yote, muuzaji akija na modeli nyingine aeleze kwanini. Uzito ukipungua kidogo sawa, mbao inakauka. Na hata vyote vikikubali, bado mchezaji mwenzake wa timu anaweza kuwa ndiye aliyeiazima na kuipigia, au ilipigiwa mazoezi tu, hapo ni picha ya mchezoni inayoonyesha mistari ileile ya mbao ndo inamaliza ubishi.

Kwahiyo kabla ya kulipa omba picha ya kifundo, ya nembo, na ya pande zote za fimbo kwenye mwanga mzuri. Muuzaji akianza kukwambia cheti kinatosha, mwachie fimbo yake.

Msomaji wako