Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Injini za Magari Yetu

Ndugu wanachama, wazee wetu waasisi, na vijana mliojiunga nasi mwaka huu,

Mkutano uliopita mlitupa kazi moja: tafuteni injini za magari yetu madogo ya mfano, haya tunayoyaendesha kwa rimoti. Mlisema, na ni kweli, kwamba bodi tunazijua. Wengi wetu tulianza na magari ya waya na makopo yenye matairi ya kandambili, na leo tunao mafundi wanaogonga bati la mlango wa Peugeot 404 mpaka ukiliona mkono wenyewe unatafuta kitasa. Lakini ukifunua boneti unakuta mota ya betri, au hamna kitu. Kamati imehangaika na agizo hilo mwaka mzima, na taarifa yangu karibu yote ni habari hiyo.

Nianze na kosa letu la kwanza, maana lilitugharimu. Tulitafuta injini kabla ya kutafuta kipimo. Kila mtu alileta alichokiona dukani au alichokuwa nacho stoo, na vikao viwili vikaisha kwa ubishi. Aliyetutuliza ni mwanachama wetu wa Morogoro, mwalimu wa hesabu. Alichora mchemraba ubaoni akatuuliza: gari likiwa robo ya urefu wake, upana nao si umekuwa robo, na kimo pia? Basi ujazo wa kila kilichomo, injini na uzito vikiwemo, unagawanywa kwa 64. Gari la thumuni, yaani moja ya nane ya urefu, unagawanya kwa 512.

Tukachukua kalamu. Peugeot 404, gari ambalo Bert Shankland wa hapa kwetu Tanzania alishindia mbio za magari za Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967, ina injini ya cc 1,618, yaani ujazo wa silinda zake. Gawa kwa 64, unapata cc 25 na ushei. Mitsubishi Lancer 1600 GSR ya Joginder Singh, iliyoshinda 1974 na 1976, ina cc 1,597. Gawa kwa 64, unapata cc 25 kasoro chembe. Magari mawili tunayoyapenda kuliko yote yanaomba injini ileile! Sitaisahau jioni ile.

Kwa wanaojenga magari ya thumuni, dunia imeshawafikiria zamani. Injini ya cc 3.5, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye mashindano ya magari ya ukubwa huo, ukiizidisha kwa 512 ni sawa na injini ya cc 1,792. Kampuni ya O.S. ya Osaka, Japani, inatengeneza injini ndogo tangu 1936. Wachina nao wametoa Toyan FS-S100, ya cc 3.5 na mipigo minne, yaani pistoni inakwenda mara nne kwa kila mlipuko mmoja, yenye valvu unazoziona zikicheza. Ile ilinigusa moyo, sifichi. Tatizo ni chakula chake. Injini hizi kwa kawaida hazinywi petroli. Zinataka methanoli, aina ya spiriti, iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha na naitromethani, kemikali ya kuongeza nguvu, na plagi yake haitoi cheche: ina kisokoto cha waya unachokipasha moto kwa betri wakati wa kuwasha, kisha kinaendelea kuwa chekundu kwa joto la injini yenyewe.

Tuliagiza injini moja ya aina hiyo kwa muuzaji wa nje. Injini ilifika salama. Mafuta hayakufika, kwa kuwa ni mzigo wa hatari usiopokelewa kama kifurushi cha kawaida, na muuzaji alichukua fedha zetu bila kutwambia. Injini iko kabatini. Hata hivyo nataka mjue kwamba hata mafuta yangepatikana kesho, ningewaomba tusubiri. Methanoli ikiwaka juani moto wake hauonekani vizuri; mtu anaungua hajui kinachomuunguza. Na hiyohiyo ndiyo inayopofusha watu na kuwaua inapoingia kwenye pombe haramu. Karakana yetu ina watoto wa shule kila Jumamosi. Sitakubali dumu la kitu kama hicho liwe karibu nao mpaka tuwe na chumba cha kufunga na mtu mmoja mwenye ufunguo.

Tukarudi mitaani. Mashine za kukata majani za kubeba begani, zile za mipigo miwili za cc 43, ziko kila duka la pembejeo na spea zake hazisumbui. Lakini 43 mara 64 ni zaidi ya 2,700: umeweka injini ya lori dogo ndani ya 404. Jenereta ndogo za Tiger ndizo kabisa. Injini yake ya cc 63 kwenye gari la robo ni sawa na cc 4,000 na zaidi, na fundi wetu wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, aliyeifunga kwa majaribio aliona weldi mbili za chesisi zikipasuka siku hiyohiyo. Injini ya bodaboda ya cc 125 inafaa gari la nusu, ambalo mtoto anaweza kukaa ndani. Hilo ni gari, ndugu zangu. Linahitaji mjadala wake.

Iliyobaki ndiyo tuliyoichagua: Honda GX25. Ni injini ya mipigo minne, silinda moja, cc 25 kamili, kipenyo cha silinda milimita 35 na mwendo wa pistoni milimita 26. Uzito wake ni kilo 3 hivi, na gari la kilo 1,070 likiwa robo linapaswa kuwa na kilo 17, kwa hiyo mizani nayo inakubali. Inapatikana kwenye mashine za kukata majani za bei ya juu kidogo, na mashine iliyovunjika mpini huuzwa kwa bei ya kutupa huku injini ikiwa nzima. Wanaojenga Datsun 240Z iliyoshinda 1971 na 1973 watafute ndugu yake, GX35 ya cc 35.8, kwa kuwa cc 2,393 za gari lile zinagawanyika kuwa 37.

Kuifunga ndiko kulikotutoa jasho. Ikisimama, na tenki lake chini, haiingii chini ya boneti ya 404. Bahati nzuri GX25 hufanya kazi hata ukiilaza ubavu, kwa sababu oili yake husambaa ndani kama ukungu. Tuliilaza, tukalihamishia tenki kwenye buti. Jaribio la kwanza ilikwenda dakika chache ikazimika kwa joto, maana feni yake ilikuwa ikivuta hewa ileile iliyokwisha kupata moto. Tulifungua grili yote, tukakata sakafu nyuma ya injini ili hewa itoke, na tangu hapo haijazimika.

Gia pia tulizipiga hesabu kabla ya kukereza chuma. Tairi la gari letu lina kipenyo cha sentimita 16, yaani mzunguko wa nusu mita. Injini ikifika mizunguko 7,000 kwa dakika bila kupunguzwa, gari lingetakiwa kwenda kilomita 210 kwa saa. Tumeweka mnyororo na sproketi za moja kwa tano, linakwenda 42. Klachi yake ya asili tumeiacha: injini ikiwa sailensa gari limetulia, ukivuta mafuta klachi inashika.

Mambo mawili yalituumiza. Mwanachama mmoja aliiwasha injini mpya bila oili, akidhani mafuta ya kulainisha yanachanganywa kwenye petroli kama alivyozoea kwenye mipigo miwili. Ikanoki asubuhi hiyohiyo. GX25 inataka mililita 80 tu za oili ndani yake, na petroli tupu tenkini. La pili lilinikosesha usingizi. Uwanjani betri ya rimoti iliisha gari likiwa limevutwa mafuta, nalo likaenda moja kwa moja mpaka mtaroni. Palikuwa na watoto upande wa pili. Hakuna aliyeguswa, namshukuru Mungu, lakini tangu siku ile nimepiga marufuku gari lolote la injini lisilo na swichi ya kujizima. Ni relei ndogo: mawimbi ya rimoti yakikatika, inaunganisha waya wa koili na bodi ya injini, cheche inakufa papo hapo. Fundi wetu wa umeme atamfungia kila mwanachama bila malipo ya kazi.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi naongeza tu kwamba hasara ya ile injini ya kabatini ni uamuzi wa kamati na nabeba jukumu lake.

Naomba kura zenu kwa mambo matatu. Kwanza, GX25 iwe injini ya chama kwa magari ya robo, ili kabureta, plagi na klachi za mmoja zimfae mwenzake. Pili, chama kinunue injini tatu zilizotumika, zifunguliwe na kufungwa upya na vijana wakiongozwa na mafundi wetu, ili kila kijana ashike ringi na valvu kwa mkono wake kabla hajashika rimoti. Tatu, sharti la swichi ya kujizima liingie kwenye katiba. Gari la 404 liko nje, tenki limejaa. Kura zikishahesabiwa tutaliwasha.