Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasomaji, Tanga

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Shughuli mnazijua, sitazirefusha. Tumekutana mara 10, tumesoma vitabu 5, tumezuru Vibambani alikozaliwa Shaaban Robert. Tuko 46, ada ya sh. 24,000 wamelipa 17, yaani sh. 408,000, na sh. 391,500 zimetumika, nyingi kwa kutoa kopi. Mahudhurio yananiuma: siku ya kujaa sana tulikuwa 13.

Linalosemwa vibarazani ni pakacha. Kweli, mimi ndiye niliyeamua kwamba tangu Juni kila anayeingia aweke simu pakachani, na muhtasari wa vitabu usirushwe tena kwenye grupu. Nimelaumiwa kwamba sikushauriana. Kamati niliiita mara mbili, haikufika.

Nawakumbusha Jumapili ya Mei 12. Mikongo ya chini ya bahari ilikatika, intaneti ikazorota nchini. Mahali pa kukutana pameandikwa kwenye grupu, orodha ya waliolipa iko huko, hata hadithi yenyewe. Mkutanoni, mtaani Ngamiani, tulifika 4, na hao 3 niliwapitia majumbani kwa miguu, mkononi nina karatasi nilizokesha nikizitafsiri mwenyewe.

Ilikuwa hadithi ya E. M. Forster, "The Machine Stops" (Mashine Inasimama), ya mwaka 1909, mwaka uleule aliozaliwa Shaaban Robert wetu. Watu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja chumbani peke yake, wakihudumiwa na Mashine moja kubwa: chakula ni kubonyeza, muziki ni kubonyeza, marafiki ni kubonyeza. Kuno anamsihi mama yake aje waonane uso kwa uso. Mama anaona safari ni usumbufu. Muziki unapoanza kukwaruza wanalalamika, kisha masikio yanazoea. Hapo nilishtuka. Kabla Mashine haijasimama, ubovu wake walishauzoea, na hakubaki hata mmoja aliyeielewa yote. Nasi sauti za kurekodi, nusu hazisikiki, tumeziita mkutano kwa miaka miwili!

Kuhusu muhtasari, someni Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, ya 1953. Mkuu wa zimamoto, ambaye kazi yake ni kuchoma vitabu, anamweleza Montag, mzimamoto aliye chini yake, kwamba jambo hili halikuanzia serikalini. Vitabu vilifupishwa, vikafupishwa tena, na watu wenyewe wakaacha kusoma. Aprili wanachama 11 walichangia mjadala wa riwaya iliyosomwa na mmoja tu. Wengine walikuwa na muhtasari uliotungwa na programu ya simu. Niliona uchungu, na mjadala wa namna ile sitauongoza tena.

Simu sijaikataza. Ada mnailipa kwa simu, nashukuru.

Mwakani, Mungu akijaalia, tupate mahali pa kudumu, labda na kabati, na vijana wa sekondari wajiunge. Wadaiwa 29 wamwone mhazini, ambaye sasa ana daftari. Januari kila mtu aje na kitabu alichokisoma. Pakacha litakuwepo mlangoni.

Mwenyekiti
Tanga, Desemba 2024