Salim, nitafutie bolti ya robo inchi

Assalaam alaykum ndugu yangu,

Habari za Dar, mama watoto na wanangu hawajambo? Sisi Tanga wazima, alhamdulillahi. Kimya chako kimezidi, hata Bakari kaniuliza kama tumegombana. Naandika haraka haraka kwa sababu harusi ya Mwanaidi imewahishwa, sasa ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi kule kwao Pangani, nami nimekwama kwa bolti moja tu.

Nimeunda kishikio cha kamera kwa mabomba ya plastiki, haya haya ya maji. Nimechukua ya robo tatu inchi, maana ya nusu inchi yananyumbuka ukitembea. Bomba moja limesimama wima, juu inakaa kamera. Chini nimefunga tii, kile kiungo cha bomba chenye umbo la T, yenye vipande viwili, kulia na kushoto, nimevijaza mchanga mkavu na nati kuukuu, kisha nikaviziba kwa vifuniko na gundi ya mabomba. Katikati inatoka tii nyingine yenye mpini wa pembeni.

Salim, kazi yote inafanywa na uzito ule wa chini. Kamera peke yake ni nyepesi, mkono ukitetemeka nayo inatetemeka. Ukiweka mzigo mbali nayo, kitu kizima kinakuwa kigumu kugeuka, mitikisiko midogo haikiyumbishi. Ila mzigo ukizidi kinaanza kubembea kila hatua. Sasa nikikishika kwa vidole viwili chini kidogo ya kamera, kinajisimamisha chenyewe polepole. Ndivyo nilivyotaka.

Kumbe Mmarekani Garrett Brown, aliyebuni Steadicam, kifaa cha kutuliza kamera, miaka ya 1970, naye alianza na nguzo yenye kamera huku na uzito kule. Alimpiga picha mchumba wake akikimbia kwenye ngazi za jumba la makumbusho la Philadelphia, watu wa sinema wakabaki kuulizana amefanyaje.

Sasa bolti. Tundu la chini ya kamera ni la robo inchi, meno 20 kwa inchi. Huku kila duka wananipa ile ya milimita 6, yenye kichwa cha spana namba 10. Kwa macho zinafanana kabisa! Lakini robo inchi ni milimita 6.35, na meno yake yameachana zaidi. Hiyo ya milimita 6 inaingia ikichezacheza, ukiilazimisha inakula meno ya kamera. Na kamera yenyewe ni ya shemeji.

Unajua kwa nini nahangaika hivi. Bibi hatoki tena ndani, safari ya Pangani haiwezi. Harusi yote ataiona kwenye video. Kwenye ile ya Zena, mpiga picha alikuwa akitembea na kamera mkononi, bibi akashikwa kizunguzungu, akaomba tuizime kabla bwana harusi hajafika mlangoni. Safari hii nataka nitembee na wanaume wa dufu toka msikitini mpaka kwa kina Mwanaidi, bibi aone kila uso, amtambue kila mtu aliyekuja.

Kwa hiyo pita mtaa wa Gerezani hapo Dar, kwenye maduka ya bolti na nati. Waambie robo inchi, meno makubwa, urefu inchi moja na nusu, na nati zake mbili. Usikubali wakikwambia "hii inafanana". Beba nati ya kupimia.

Utakuja harusini au utatuma salamu tu? Ukija, utanishikia begi la betri wakati wa msafara? Basi la asubuhi la Tanga bado unamfahamu kondakta wake, ampe Bakari huo mzigo? Na Hamisi vipi, amepata kazi? Mbona hapokei simu yangu? Nijibu kabla ya Jumatano, nipate siku za kufanya mazoezi ya kutembea nacho.

Ndugu yako,
Athumani