Chakula cha shule za mlimani kifuate majira ya kihamba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wazazi, walimu na wajumbe wa kamati za shule katika vijiji vya mlimani mkoani Kilimanjaro. Katika shule wanakosoma watoto wa kijijini kwetu, chakula cha mchana ni makande kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, mwaka mzima, na mahindi yake hununuliwa tambarare, wakati ndizi za mlimani, zinapokuwa nyingi, huuzwa kwa bei ya kutupa.

Sina ugomvi na makande. Mahindi na maharage hukamilishana vizuri mwilini, na mtoto aliyeyala hushiba. Ninachopinga ni kuyafanya chakula pekee katika ardhi ya vihamba, yaani mashamba yetu ya mlimani yenye migomba na mazao mchanganyiko, inayotoa vyakula vingi kwa zamu. Mvua za masika zikishakolea, mnafu, mboga ya majani, huota wenyewe chini ya migomba, na majani yake machanga yana madini ya chuma na vitamini A ambavyo sahani ya makande peke yake haiwezi kuvitosheleza. Maharage mapya huvunwa baada ya masika na hayahitaji kuni nyingi kama yale yaliyokaa ghalani mpaka yakakauka kabisa. Magimbi yaliyopandwa kando ya mifongo, yaani mifereji ya jadi ya umwagiliaji, hustahimili miezi ya ukame ambapo mboga za majani huadimika. Ndizi hupatikana karibu mwaka mzima, ingawa mikungu hupungua unene jua linapokuwa kali.

Mama zetu waliyajua haya na waliyapika ipasavyo. Kwa kuwa ndizi ina protini kidogo, hawakuiacha peke yake chunguni: kiburu kilipikwa kwa ndizi na maharage, mtori kwa ndizi na nyama, na kitalolo, kwetu, kwa ndizi, mahindi, maharage na mnafu, kisha magadi kidogo ili vilainike upesi, na maziwa ya mgando mwishoni kwa nyumba iliyokuwa na ng'ombe. Kitalolo kinafaa mno kwa shule, kwa sababu kinapikika katika sufuria moja kubwa na kinapokea chochote ambacho msimu umeleta.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo wa kihamba wa kijiji cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Ni heshima tuliyostahili. Lakini inaniuma kwamba mtoto anayepita katikati ya vihamba kila asubuhi akienda shule havioni kamwe katika sahani yake ya mchana.

Najua kwa nini kamati hupenda mahindi: hupimwa kwa debe, hukaa stoo kwa miezi, wala hayahitaji kumenywa, ilhali kumenya ndizi za watoto mia kadhaa ni kazi inayomshinda mpishi mmoja. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana sipendekezi mahindi yaondolewe. Napendekeza yatunzwe kwa ajili ya miezi mikavu, na katika miezi ya neema mzazi aruhusiwe kutoa mkungu wa ndizi, fungu la mnafu au magimbi badala ya sehemu ya mchango wake wa fedha, huku vitongoji vikipokezana siku za kuleta chakula na watu wa kusaidia kumenya. Kwa mzazi ambaye fedha zake zimeishia kwenye sare na madaftari, mkungu mmoja kutoka kihambani ni mchango anaoumudu.

Naziomba kamati zilifikishe jambo hili kwenye mikutano ya wazazi ya mwanzo wa mwaka, kabla viwango vya mahindi havijapitishwa, kwa kuwa vikishapitishwa huwa vigumu kubadilishwa hadi mwaka unaofuata.

Mzazi,
Moshi Vijijini