Sifuri Yenu Imetoka Wapi? Barua kwa watafiti vijana wa magonjwa ya watoto, Moshi na Arusha

Wanangu,

Marahaba. Naipokea shikamoo yenu kabla hamjaitoa, maana najua mmelelewa. Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Old Moshi kwenye kihamba alichoniachia marehemu mume wangu, na wagonjwa wangu siku hizi ni migomba. Nimesikia kundi jipya limeajiriwa kufuatilia magonjwa ya watoto, mmegawiwa vishikwambi na fulana. Hongereni. Nataka tuzungumze kuhusu sifuri.

Kila wiki kituo cha afya kinatuma ripoti ya magonjwa yanayofuatiliwa: surua, pepopunda ya watoto wachanga, kupooza kwa ghafla na mengine. Pasipo na mgonjwa, inajazwa sifuri. Sasa kuna sifuri ya mtu aliyefungua kitabu cha MTUHA, kile cha kumbukumbu za wagonjwa kituoni, akapita wodini, akampigia simu mhudumu wa afya wa kijiji. Na kuna sifuri ya mtu aliyekuwa anawahi daladala. Zikishaingia kwenye kompyuta, hata mama yao hawezi kuzitofautisha.

Hiyo ya pili nimewahi kuiandika mwenyewe. Ilikuwa masika. Kituo nilichokisimamia, ambacho sitakitaja, kilikuwa ng'ambo ya korongo, na pikipiki ilikuwa mbovu. Nikajaza sifuri wiki tatu mfululizo, nikijiambia kwamba kule huwa hakuna jambo. Maji yalipopungua nikavuka. Mama mmoja akaniuliza kama nina dawa ya mguu. Nikaingia ndani nikamkuta mtoto wa miaka minne, mguu wa kulia umelegea kama kamba, na ilikuwa siku ya 25 tangu ulegee.

Mtoto akipooza ghafla tunashuku polio, na hesabu yake mnaijua. Sampuli mbili za choo, zipishane saa 24 au zaidi, zote ndani ya siku 14 tangu kiungo kulegea, zisafirishwe kwenye barafu mpaka maabara. Nilizichukua hivyohivyo zikiwa zimechelewa. Majibu yalirudi kwamba hakuna virusi, ila choo cha siku ya 25 si shahidi wa kutegemewa. Siku ya 60 nikarudi kumwangalia kama utaratibu unavyotaka. Alikuwa anatembea, lakini unyayo anauburuta. Mama yake akakumbuka kwamba siku chache kabla ya mguu kulegea mtoto alichomwa sindano ya homa, tako la upande uleule. Pengine sindano iligusa mshipa wa fahamu. Ningevuka korongo wiki ya kwanza, nisingekuwa bado nasema pengine.

Wengi wenu hamjawahi kumwona mtoto wa polio, na ni jambo la kushukuru. Polio ya asili ilionekana mara ya mwisho nchini mwaka 1996, na mwaka 2015 tukathibitishwa kuwa hatuna. Mwaka 2022 ikatangazwa Malawi, hapo jirani, na mwaka huohuo tukaona wenzenu wanapita nyumba kwa nyumba na matone. Ndiyo maana wilaya inatarajiwa kuwapata walau watoto wawili waliopooza kwa sababu nyingine, kwa kila 100,000 wenye umri chini ya miaka 15, kila mwaka. Wakikosekana, haina maana kwamba watoto wa wilaya hiyo wana miguu imara kuliko wengine. Kuna mtu hajavuka korongo.

Sifuri nyingine hujificha hospitalini kwenyewe, tena mchana kweupe. Kati ya 2007 na 2008, hapa Moshi, kwenye hospitali za KCMC na Mawenzi, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, watoto na wakubwa, walipimwa kwa kina. Waliokuwa wameandikiwa malaria ni 528. Wenye malaria kweli walikuwa 14! Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, homa ya mgunda, homa ya kupe, magonjwa ya mifugo na panya ambayo kwenye vitabu vyetu yalikuwa yanasoma sifuri miaka nenda miaka rudi. Hayakuwa yamekosekana. Neno malaria lilikuwa limeyalalia. Niliposoma matokeo hayo nilikumbuka dozi za kwinini nilizozitundika kwa mkono wangu huu, nikaenda kukaa nje.

Mkifika Longido au milimani Same, msianze na majina ya fomu. Mama atasema mtoto hajaugua malaria, na atakuwa anasema kweli kwa jinsi anavyoelewa, kwa sababu alichougua mwanawe ni degedege, na degedege amepelekwa kwa mganga. Ulizeni degedege. Ulizeni vichomi, kifaduro, mtoto aliyeacha kunyonya siku chache baada ya kuzaliwa na mwili ukakakamaa. Tarehe mama hana? Ulizeni kama kahawa ilikuwa imechumwa, kama ng'ombe walikuwa wamerudi kutoka malishoni.

Kuhusu damu, msicheke mtu akiwaita mumiani. Bibi yangu aliogopa mumiani mpaka anakufa, na hakuwa mjinga: aliona watu wanachukua vitu vya wenzao na hawarudi. Mwonyesheni mama chupa, mwambieni ni kiasi gani kwa kijiko cha chai, inakwenda maabara ipi, na nani ataleta majibu. Kisha majibu yaletwe. Nimeona mradi uliofungasha magari ukaondoka bila kurudi hata siku moja, na waliokuja nyuma yao walifungiwa milango kitongoji kizima. Mwenyekiti aliwaambia tu kwamba watu wako shamba. Ilikuwa Jumapili.

Posho zikichelewa semeni, tena kwa sauti. Mtafiti mwenye njaa hujaza fomu akiwa chini ya mwembe.

Anayetaka kubishana nami kuhusu lolote kati ya haya, mtori hapa haukosekani. Aje na ramani ya vitongoji vyake, tukae barazani, anionyeshe ni wapi gari la mradi halijawahi kusimama.

Mama yenu,
Old Moshi