Yusufu hatulii

Minneapolis, Novemba 14

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kukukalia kimya. Sote wazima, ila Yusufu ameniweka roho juu. Mwezi uliopita mwalimu wake aliniita, akanieleza kwa upole kwamba mtoto hakai kitini, anadakia maneno ya wenzake, kazi haimalizi. Akanishauri nimpeleke kwa daktari akapimwe ADHD, yaani ule ugonjwa wa mtoto kutotulia na kukosa umakini. Niliitikia vizuri, nikaenda kulia ndani ya gari.

Kwetu Tanga angeitwa mtundu, akachapwa, basi. Hilo silisifu, unakumbuka kaka yangu alivyopigwa mpaka akaichukia shule. Lakini hakuna aliyesema ubongo wake una kasoro.

Tangu siku ile nasoma kila usiku. Kumbe dawa ilitangulia, jina la ugonjwa likafuata! Mwaka 1937, huko Rhode Island, Marekani, daktari Charles Bradley aliwapa watoto 30 vidonge vya Benzedrine, dawa ya kuchangamsha, na karibu nusu yao wakatulia na kusoma vizuri zaidi. Kitabu cha Marekani cha magonjwa ya akili kilikuja kuitaja hali hiyo ya watoto mwaka 1968, kikabadilisha jina mwaka 1980, na tena 1987. Na kabla ya hiyo 1968, Ritalin, dawa wanayopewa watoto hawa, ilikuwa imeshaingia sokoni. Mwanasosholojia Peter Conrad aliliona hili mapema, mwaka 1975: jambo likishakabidhiwa daktari, tatizo linakuwa la mtoto peke yake, na hakuna tena anayeuliza darasa lenyewe likoje.

Sasa sikiliza lililonikosesha usingizi. Utafiti wa mwaka 2018 uliangalia majimbo ambayo mtoto lazima awe ametimiza miaka 5 kufikia Septemba 1 ndipo aanze shule. Waliozaliwa Agosti walikuwa wameandikiwa ugonjwa huu kwa asilimia 34 zaidi ya waliozaliwa Septemba. Ugonjwa gani huo unaochagua mwezi? Yusufu ni wa Agosti 27, Mwanaidi. Anaketi na watoto waliomzidi karibu mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka sita, mwaka ni mwingi mno.

Sisemi ugonjwa haupo. Mtoto wa jirani yangu alikuwa akichomoka mbio hadi barabarani, hata kula hawezi kukaa akamaliza. Baada ya kuanza dawa alimwambia mama yake, sasa namsikia mwalimu. Siwezi kumwambia mama yule kwamba amedanganywa.

Jumanne tunakwenda kwa daktari. Tarehe ya kuzaliwa nitaitaja mimi kabla hajaniuliza, na mwalimu nitamwomba amruhusu aandike amesimama. Ya vidonge tutazungumza baadaye.

Nawe una rejista ya darasa la kwanza mkononi. Hebu nitazamie: wale unaowalalamikia kila siku kwamba hawatulii, wamezaliwa mwezi gani?

Msalimie mama, na Salim mbusu.

Wako,
Rehema