"Ni mbuzi tu": kwa nini bili hupanda baada ya bampa kufunguliwa

Wiki iliyopita mteja mmoja aliondoka hapa gereji amekasirika. Gari lake dogo lilikuwa limegonga mbuzi usiku. Tulimpa makadirio ya kwanza hapo hapo uani, gari likiwa halijafunguliwa hata skrubu moja: bampa, taa ya kushoto, rangi. Siku mbili baadaye tukampigia simu na hesabu nyingine, karibu mara tatu ya ile. Akatuambia, "Mmenigeuka. Huyo ni mbuzi tu, si lori."

Hilo neno "tu" tunalisikia karibu kila tunapopokea gari lililogonga mfugo barabarani. Maadamu linarudi kila mara, tumeona tueleze kwa kirefu tunachokikuta tukishafungua gari, ili anayekuja kesho aelewe hesabu inatoka wapi.

Gari likigonga nguzo au gari jingine, jeraha linaonekana. Bati linakatika, bampa linapasuka vipande, kila mtu anayepita anaona. Mnyama yuko tofauti. Mwili wake ni laini kwa nje lakini una uzito, na kitu laini chenye uzito kinasukuma bila kukata. Bampa la kisasa ni plastiki. Mbuzi wa kilo 40 au 50 analisukuma hadi ndani, linabonyea, halafu linarudi karibu na umbo lake la mwanzo. Ukisimama mbele ya gari unaona mkwaruzo, taa iliyopasuka na manyoya machache yaliyonasa kwenye grili, na unaona umenusurika. Lakini bampa lilipoingia ndani lilikuta kondensa ya AC, yaani kile kipande chenye mapezi kinachopoza gesi ya AC, nyuma ya kondensa rejeta inayopoza maji ya injini, nyuma ya rejeta feni. Vyote vitatu vimebebwa na fremu nyembamba ambayo mafundi tunaiita sapoti. Hivyo vyenyewe havirudi. Vikishapinda vimepinda.

Gari la mteja wetu tulipolivua bampa, tulikuta sapoti imeingia ndani upande wa kushoto kiasi cha upana wa vidole viwili. Kondensa ilikuwa imechubuliwa, gesi yote imetoka. Rejeta ilikuwa na ufa mwembamba kama uzi pale plastiki inapokutana na aluminiamu, ufa ambao kwa gari lililopoa huuoni kabisa. Unauona tu ukiijaza maji na kuipa presha, ndipo tone moja linajitokeza, linatulia, halafu linafuatwa na jingine. Chini ya gari, waya wa sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) wa gurudumu la kushoto ulikuwa umevutwa hadi ukachomoka, kwa sababu mbuzi baada ya kugongwa alipita chini. Wanyama wadogo ndivyo wafanyavyo: mbuzi, kondoo na nguruwe huingia uvunguni, na huko wanakwenda na kinga ya injini, nyaya, na pengine bomba la moshi.

Makadirio ya kwanza yalikuwa ya kile kilichoonekana, na hatukuwa na njia ya kuyafanya mengine. Kosa letu, na hili tunalikubali, ni kwamba hatukumwambia kwa sauti siku ile kwamba hesabu ile ni ya nje tu. Tangu wiki hii karatasi ya makadirio ya gari lililogonga mnyama tunaiandika kwa sehemu mbili, ya kabla ya kufungua na ya baada ya kufungua, na mteja akipenda tunafungua naye akiwapo.

Sasa tuzungumzie njia ya mkato, kwa maana bili kubwa kuliko zote tulizowahi kuandika kwa ajili ya mnyama hazikusababishwa na mnyama. Zilisababishwa na mwendo wa baada ya mnyama.

Dereva anagonga, anashuka, anazunguka gari kwa tochi ya simu, anaona linawaka. Ni usiku, ni porini, hataki kulala hapo, na sisi tunamwelewa. Anapanda, anaendelea. Kama rejeta imepata ufa, kulanti, yaani maji ya kupoza injini, inatoka taratibu. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mshale wa joto kwenye dashibodi hupima joto la maji. Maji yakishapungua hadi sensa ikabaki hewani, mshale unaweza kutulia katikati, au hata kushuka, wakati injini yenyewe inaungua. Tuliwahi kuletewa gari lililogonga kondoo mmoja na kuendelea na safari kwa kilometa 40 hivi. Dereva aliapa kwamba mshale haukupanda, nasi tulimwamini, kwa sababu ndivyo inavyokuwa. Silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, ilikuwa imepinda. Tulipoilaza rula ya chuma juu yake, mwanga ulipenya katikati. Gasketi inayoziba chini yake ilikuwa imeungua, maji yameingia kwenye oili, na oili imegeuka rangi ya maziwa. Kondoo alikuwa amemgharimu rejeta na taa. Kilometa 40 zilimgharimu injini.

Kwa hiyo ukigonga, zima injini, fungua boneti, na uangalie chini ya gari kwa mwanga mzuri. Ukiona majimaji ya kijani, mekundu au ya waridi yanadondoka, gari halitembei tena, linavutwa. AC ikiwa ilikuwa inafanya kazi, maji safi yasiyo na rangi chini upande wa abiria ni ya kawaida, hayo yasikutishe. Na usifungue kifuniko cha rejeta ya moto kwa haraka. Kuna fundi wetu mmoja ana kovu la mkono tangu akiwa mwanagenzi kwa kosa hilo.

Jingine ni boneti ya kufunga kwa kamba. Loki ikipinda, boneti haikai, basi dereva anatafuta waya au kipande cha kamba ya katani. Kwa mwendo wa mtu anayetembea itashika. Kwa mwendo wa barabara kuu, upepo unaingia chini ya boneti na kuibeba. Pikapu moja ilifika kwetu ikiwa imegonga ndama asubuhi, na jioni boneti ikafumuka ikapiga kioo cha mbele, ikamziba dereva macho. Ndama alikuwa ameharibu loki na grili. Tuliishia kubadilisha boneti, bawaba zote mbili, kioo na kunyoosha ukingo wa paa. Dereva alitoka mzima, Mungu amsaidie azidi kuwa mzima, lakini aliendesha meta mia kadhaa bila kuona mbele.

Ng'ombe ni habari nyingine kabisa. Ng'ombe mzima ana kilo 400, 500, wengine zaidi, na uzito huo wote umebebwa juu ya miguu minne myembamba. Gari dogo linapiga miguu. Mwili unabaki juu, unalala kwenye boneti na kuja na kasi yote hadi kwenye kioo na zile nguzo mbili zinazoshika paa. Farasi na ngamia ni vibaya zaidi, kwa sababu tumbo la ngamia liko juu ya boneti tangu mwanzo. Ndiyo maana Uswidi, nchi yenye elki wengi misituni (wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu), wahandisi hugongesha magari kwenye sanamu za mpira zenye uzito na miguu mirefu kama ya mnyama huyo, waone kama nguzo za paa zitahimili.

Wateja hutuuliza mbona mifuko ya hewa haikufunguka, na wengine wanachukua hilo kuwa ushahidi kwamba ajali ilikuwa ndogo. Mifuko hiyo husubiri gari lipunguze kasi kwa ghafla sana. Miguu ya ng'ombe haisimamishi gari, kwa hiyo kompyuta ya gari inaweza kuona kama hakuna kilichotokea huku paa linaingia ndani. Kutofunguka kwake hakutuambii chochote kuhusu nguzo.

Nguzo ndizo zinazotugombanisha na watu. Miaka kadhaa iliyopita alikuja mama mmoja, gari lake limegonga dume. Sehemu nyingine walikuwa wamembadilishia kioo kwa muda wa nusu saa na kwa bei ya chini. Baada ya wiki tatu kioo kikapasuka kuanzia kona ya juu kulia. Wakambadilishia tena. Kikapasuka tena, kona ile ile. Akatuletea akidhani vioo vilikuwa vibovu. Tulitoa kioo, tukapima dirisha tupu kwa mshazari, kona hadi kona, halafu mshazari wa pili. Vipimo viwili vinatakiwa kulingana. Vya gari lake vilipishana milimita 7. Dirisha lilikuwa limekwenda upande, na kila kioo kilichopachikwa humo kilikuwa kinabanwa hadi kinachoka. Tulifunga gari kwenye mashine ya kuvutia, tukaivuta nguzo kidogo kidogo siku mbili bila kuichoma moto, kwa maana chuma cha nguzo za siku hizi ni kigumu cha aina yake na moto wa gesi unakilegeza. Ukikiona kimenyooka baada ya kuchomwa, kimenyooka lakini hakina nguvu tena.

Tulipomaliza tulipachika kioo kwa gundi yake, tukamwambia gari lisitoke siku ile. Alilalamika. Gundi ya kioo lazima ikauke, kwa sababu kioo cha mbele ni sehemu ya uimara wa paa, na kwenye magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hukiegemea unapofunguka. Gari lenye kamera nyuma ya kioo linahitaji pia kamera hiyo irekebishwe kwa mashine, la sivyo breki za kujiendesha zitakuwa zinatazama mahali pasipo. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya bei yetu ambayo watu hawaioni kwenye kioo chenyewe.

Usafi nao tunautoza, na tunabishiwa sana. Damu ikikauka kwenye mikunjo ya bati inashika unyevu na kutu inaanza chini ya rangi mpya. Manyoya yanajaa kwenye mapezi ya kondensa, tunayatoa kwa brashi laini na kibano, safu kwa safu, kwa sababu maji ya presha yanayalaza mapezi. Ng'ombe akipasuka kwenye kioo, vilivyomo tumboni vinamwagika hadi chini ya waipa, na hapo ndipo feni ya ndani inapovuta hewa. Tuliwahi kurudishiwa gari zuri, rangi imekaa kama kioo, mwenye gari hawezi kukaa ndani AC ikiwashwa. Tulikuwa tumeruka hatua hiyo moja. Siku hizi hatuiruki hata mteja akiifuta kwenye karatasi.

Kuna wanaokuja kutaka tuwafungie ngao ya chuma ili "siku nyingine mnyama aumie yeye". Kwa gari refu linalopita njia za mifugo kila siku, ngao iliyotengenezwa kwa ajili ya gari hilo na kufungwa panapostahili inasaidia kulinda rejeta, nasi tunafunga. Ngao ya kuchomelea mtaani, iliyoungwa moja kwa moja kwenye chesisi ya gari dogo, hatufungi. Mbele ya gari imeundwa ikunjike ili ile nguvu iishie hapo. Ukiweka bomba gumu mbele yake nguvu inahamia kwenye chesisi, na mtu anayegongwa na bomba hilo anaumia vibaya kuliko angegongwa na bampa. Na kwa ng'ombe haisaidii, kwa sababu inapiga miguu ile ile.

Kabla ya kutuletea gari, ukiwa bado pale pale na ukiwa salama pembeni ya njia, washa taa za tahadhari na piga picha. Piga gari lilivyo, mnyama alivyo, alama za breki, uzio kama uko wazi, na hereni ya sikioni au chapa ya mnyama kama anayo. Usiwasogelee wengine wa kundi, na usimguse aliyejeruhiwa. Mnyama mwenye maumivu anapiga teke akiwa amelala. Toa taarifa polisi. Bima ya mtu wa tatu kwa kawaida hailipi gari lako mwenyewe, na bima kubwa itataka picha hizo. Nani anawajibika kati yako na mwenye mfugo hutegemea sheria ya mahali, hilo ni la polisi na wanasheria. Sisi tunachoweza ni kukuandikia ripoti yenye vipimo na picha za kila kilichofunguliwa, na hiyo hatuitozi.

Mwendo nao tutausema ingawa hatuuzi mwendo. Kwa kilometa 80 kwa saa unahitaji kama meta 70 kusimama kwenye lami kavu, kuanzia unapoona. Taa zilizoshushwa hukuonyesha kitu cheusi kwa meta 50 hivi. Ng'ombe mweusi aliyegeuza kichwa hana hata jicho la kung'aa. Na akivuka mmoja, mwenzake yuko nyuma yake kwenye majani. Ndama hasa, atamfuata mama yake hata akiona taa. Magari mengi tunayoyapokea yalimkwepa wa kwanza. Mabaya kabisa ni yale yaliyokata usukani ghafla yakapinduka mtaroni na mnyama akaenda zake bila mkwaruzo. Kanyaga breki kwa nguvu, shika usukani ukae katika njia yako.

Yule mteja wa wiki iliyopita tumezungumza naye tena jana. Gari lake linatoka Ijumaa. Rejeta, kondensa na sapoti ya zamani tumeziweka kwenye boksi lenye jina lake karibu na mlango, na ile rejeta tutaipa presha mbele yake aone tone lenyewe.